Umepewa tiketi ya mkongwe wa roki? Nenda, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Brooklyn Park, hapa Minnesota, ujumbe wako nimeusoma nikacheka peke yangu jikoni. Unahudumia wazee, mwenzako wa zamu kakupa tiketi ya bure ya kwenda kumsikiliza mzungu mwenye mvi akipiga gitaa U.S. Bank Stadium, na sasa usingizi umekuruka. Wimbo wake unaoujua ni mmoja, tena nusu. Utavaa nini? Utarudije usiku? Na wenzako wa kwaya wakisikia?

Nenda. Hilo limekwisha, sasa tuongee namna ya kwenda.

La kutojua nyimbo lisikunyime raha. Dansi hilo unalijua tangu nyumbani, ni zilipendwa hizo hizo. Msondo Ngoma wakishika vyombo, wa kwanza kuinuka ni wale wale wanaolalamika magoti wiki nzima. Bendi ile ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Agosti 1965, Beatles walipiga hapa kwetu, kwenye uwanja wa Metropolitan, Bloomington. Uwanja ule ulishabomolewa, na mahali pake leo ni Mall of America, hapo hapo unapokwenda kutafuta viatu vya kazini. Siku ukipita kwenye michezo ya watoto mle ndani, inua macho: kuna kiti kimoja chekundu kimefungwa juu ukutani. Hicho ni alama ya mahali mpira wa mchezaji wa besiboli Harmon Killebrew ulipofika mwaka 1967, enzi za uwanja.

Sasa piga hesabu. Msichana aliyekuwa na miaka 15 siku ya Beatles, alikuwa na 75 mwezi Oktoba 2025, Paul McCartney, mmoja wa Beatles hao, alipopanda jukwaa la U.S. Bank Stadium, mwenyewe akiwa na 83. Ndio rika la hao unaowavisha soksi kila asubuhi. Bibi anayekugombeza kwa sababu kahawa imepoa, huenda siku ile alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Basi muulize! Mwambie umepata tiketi, umwombe akufundishe. Atakueleza ni wimbo upi wa kusimama na upi wa kukaa, na nakuhakikishia hiyo kahawa itasahaulika.

Na usiseme hayo ni ya wazungu peke yao. Freddie Mercury wa Queen kazaliwa Zanzibar mwaka 1946. Huyo McCartney naye alikuja kutembea Kenya Novemba 1966, na ndani ya ndege ya kurudi London kutoka Nairobi ndipo lilipomjia wazo la albamu ya Sgt. Pepper. Angani, akitokea kwetu.

Tuje kwenye mkoba, maana nawajua dada zangu. Ule mkubwa wenye khanga, mafuta, Biblia na maandazi mawili, uache nyumbani. Mlangoni wanataka mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu, usiozidi inchi 12 kwa 12 na upana wa 6, au kipochi kidogo cha kiganjani. Ukibishana pale utarudishwa ulikotoka huku wenzako wakiingia. Tiketi iko kwenye simu, kwa hiyo simu iwe imejaa chaji, na uifungue tiketi mapema kabla hujafika getini. Picha ya skrini isikupe moyo, mara nyingi mashine haiisomi. Beba kadi ya benki pia, noti hazina kazi sana mle.

Kuvaa? Jinzi na viatu vya chini. Paa halifunguki, ndani kuna joto hata kama nje kuna theluji, na koti zito utalikumbatia saa tatu nzima. Kama umeshonewa gauni la kitenge, livae, nani kakukataza?

Masikio yako sasa, na hapa sitanii. Wataalamu wa afya kazini hapa Marekani wanasema sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa 8, lakini ikifika 100 ni dakika 15 tu. Roki ya uwanjani hufika huko bila taabu. Nunua vizibo vya masikio vya sponji duka la dawa, bei yake haifiki ya soda ya uwanjani. Uwanja wenyewe ni vioo na chuma, sauti inagonga na kurudi, hasa viti vya juu. Ukiona maneno hayasikiki, si Kiingereza chako kibovu. Hata wenyeji wamelalamika tangu ulipofunguliwa mwaka 2016.

Usafiri ni treni, usinibishie. Bluu na Kijani zote zinasimama mlangoni pa uwanja. Acha gari Fort Snelling upande Bluu, na kabla hujatoka nyumbani angalia saa ya treni ya mwisho. Ukitoka, usikimbilie kituoni na umati. Zunguka kidogo, kojoa, kunywa maji, ndipo uende.

Nyinyi wengine mtakaonunua kwa pesa zenu: tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya Minnesota inamtaka muuzaji aonyeshe bei kamili mwanzoni, na ada zote zikiwemo. Gavana Tim Walz aliitia saini First Avenue, klabu aliyoivumisha Prince, baada ya watu kulizwa na tiketi. Muuzaji anayekuficha bei mpaka hatua ya mwisho, mkimbie. Na karo ya mdogo wako kule Kisii isigeuke kiti cha mbele, tafadhali. Viti vya juu vinatosha, skrini ni kubwa kama nyumba.

Kwaya ukiwakuta na maswali, sema ulikwenda. Mwenyekiti wao mwenyewe nilimwona na fulana ya Rolling Stones kwenye nyama choma ya Julai, na hakuna aliyemwitisha kikao.