Daudi Alivua Silaha za Sauli

Twasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17, ya kuwa kijana Daudi alipojitolea kupigana na Goliati, mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe ya vita: chapeo ya shaba kichwani, dirii mwilini, na upanga juu yake. Sauli hakufanya hivyo kwa hila. Alikuwa mtu wa vita, aliyejua mapigano kuliko mchungaji yeyote wa Bethlehemu, naye alimpa kijana kilicho bora katika ujuzi wake. Daudi hakumcheka mfalme, wala hakukataa kabla ya kujaribu. Alivaa, akajaribu kutembea, akaona kuwa hawezi. Ndipo alipovua, akashika fimbo yake na kombeo lake, akaokota mawe matano kijitoni, akaenda kwa jina la Bwana.

Katika wilaya ya Mbulu iko kata ichukuayo jina hilo hilo la Daudi. Tungependa wasomaji wetu wa huko, na jirani zao wa Hanang, na wote wanaosoma gazeti hili, watafakari pamoja nasi juu ya silaha zile. Maana siku hizi hapana mkulima wala mfugaji asiyefikiwa na Sauli wake. Mmoja huja na mbegu, mwingine na dawa ya mifugo, mwingine na mkopo, mwingine na ramani ya ardhi. Wote hao huitwa mabingwa, na wengi wao ni mabingwa kweli. Je, Mkristo awasikilize namna gani?

Kwanza, yatupasa kusema wazi kwamba elimu ni kipaji cha Mungu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa amri yake Aliye Juu. Mwenye akili hazidharau. Basi asije mtu akasema kwamba Kanisa lawafundisha watu kuwakimbia waganga wa hospitali au mabwana shamba. Mama Kanisa mwenyewe ndiye aliyejenga shule na hospitali katika nchi hii.

Lakini tukigeuza ukurasa mmoja nyuma, katika sura ya 37, mwandishi huyo huyo atuonya. Asema kwamba kila mshauri husifu shauri lake, ila wako washaurio kwa faida yao wenyewe. Kwa hiyo tujue kwanza haja ya mshauri ni nini. Kisha atuagiza kusikiliza shauri la moyo wetu wenyewe, na zaidi ya yote kumwomba Mungu atuongoze katika kweli. Sura hizi mbili zimewekwa pamoja, nasi tusizitenge. Anayeshika ya 38 peke yake huwa mtumwa wa mabingwa. Anayeshika ya 37 peke yake huwa mjinga mwenye kiburi.

Hebu sasa tutazame mambo yaliyotokea karibu nasi. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwenye nyanda za Basotu wilayani Hanang, serikali yetu kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO. Mashamba yalikuwa saba, na ardhi iliyochukuliwa ilifikia hekta zipatazo 40,000. Walikuja mabingwa wa udongo, wa mbegu na wa mashine. Kazi yao waliijua. Ngano ilistawi kweli, na mikate ikaliwa mijini. Hatuna sababu ya kusema kwamba watu hao walikuwa waongo au wavivu.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Kwa jicho la mtu wa ngano, uwanda usiolimwa ni uwanda mtupu. Lakini nyanda zile hazikuwa tupu. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, walikuwa na utaratibu wao wa kuhamisha mifugo kutoka malisho haya hadi malisho yale kwa kufuata mvua, ili nyasi zipate kupumzika na kuota tena. Nyanda za Basotu zilikuwa miongoni mwa malisho yao bora kabisa. Zilipoondolewa katika mzunguko huo, hata malisho yaliyobaki yalielemewa, maana ng'ombe wale wale walibanwa mahali padogo. Tena yako makaburi ya wazee, ambayo kwa Wabarabaig ni mahali pa heshima na ibada. Mengine yalipitiwa na majembe ya trekta. Hapana kipimo cha udongo kiwezacho kumwonyesha mgeni kwamba kichuguu fulani ni kaburi la babu ya mtu. Kwa jambo hilo ilitakiwa kuuliza tu.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini katika mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ile. Katika miaka ya 1990 serikali iliunda tume ya kuchunguza malalamiko ya uvunjaji wa haki za binadamu kwenye mashamba hayo. Baadaye shirika liliacha kulima. Mabingwa walikwisha kurudi makwao. Wafugaji walibaki pale pale, na hasara ikabaki nao.

Wala jambo hili halikuwa geni katika nchi yetu. Katika mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika ya Mashariki. Kiongozi wao, Bwana John Wakefield, alikuwa amewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, basi si mtu wa kubahatisha. Baada ya majuma machache wakatoa shauri la kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo wa pale ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mvua zikapungua, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zikawa zimepotea. Kwamba Ugogo ni nchi ya ukame, kila mama wa Kigogo aliyepata kuchimba maji katika mchanga wa mto alilijua jambo hilo. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Twajifunza nini katika habari hizi? Twajifunza kwamba bingwa aweza kukosea kwa njia tatu, hata akiwa mwaminifu. Njia ya kwanza ni kuijua sehemu na kudhani kwamba ameijua nzima. Bingwa wa ngano aijua ngano. Nyasi za mfugaji hazimo katika kitabu chake. Njia ya pili ni kuvuka mpaka wa elimu yake bila kuona. Kusema ngano yaweza kuota Basotu ni jambo la elimu ya kilimo. Kusema ngano yapasa kulimwa pale badala ya kulisha ng'ombe wa watu ni jambo la haki, na katika jambo la haki cheti cha kilimo hakimpi mtu sauti kubwa kuliko ya jirani yake. Njia ya tatu ni kwamba shauri ni lake, lakini hasara si yake. Shauri likiharibika yeye huandika taarifa. Mwenye shamba hulala njaa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa elimu, afundisha kwamba hoja yenye kutegemea mamlaka ya mwanadamu tu ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mwalimu huyo huyo afundisha pia kwamba fadhila ya busara yadai moyo wa kufundishika, kwa kuwa hapana mtu ajitoshelezaye kwa akili yake. Maneno haya mawili hayapingani. Mwenye busara hukubali kufundishwa, ila hakubali kufumba macho.

Hapa hatuna budi kuonya juu ya shimo lililo upande wa pili wa njia. Wako watu ambao, wakisikia kwamba wataalamu wamekosea mara moja, huwaacha wote na kumfuata yeyote mwenye maneno matamu. Twakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni ndefu kwenda kunywa kikombe cha dawa kule Samunge, Loliondo. Wako walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kikombe kile, na wengine walilipa kwa maisha yao. Tutazame vizuri: watu hao hawakuacha kuamini upesi. Walihamisha tu imani yao kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na huyo wa pili hawakumwuliza hata lile swali moja ambalo wangemwuliza daktari.

Habari ya Mtakatifu Paulo baharini, katika Matendo ya Mitume sura ya 27, yatuonyesha njia ya katikati. Paulo, akiwa mfungwa, aliwaonya wenzake wasiondoke bandarini kwa kuwa majira ya hatari yamefika. Akida wa Kirumi aliwaamini nahodha na mwenye jahazi kuliko Paulo, na kwa mtu wa dunia hilo lilikuwa jambo la akili. Lakini mwenye jahazi alikuwa na shehena ya kufikisha. Jahazi likavunjika. Hata hivyo, dhoruba ilipokuwa kali na mabaharia wakataka kutoroka kwa mashua ndogo, ni Paulo yule yule aliyemwambia akida kwamba wasipobaki mabaharia hawa, hapana atakayeokoka. Yeye aliyekataa shauri lao hakudharau kazi ya mikono yao. Watu 276 wakafika pwani salama.

Basi msomaji wetu wa Daudi, au wa Kainam, au wa Basotu, anapofikiwa na bingwa mwenye shauri jipya, amkaribishe kwa heshima, ampe kiti, kisha amwulize maswali haya. Je, shauri hili limejaribiwa wapi, na udongo na mvua za huko zafanana na za kwetu? Ni nani aliyekutuma, naye atapata nini tukikubali? Likishindwa, ni nani atakayebeba hasara? Twaweza kujaribu kwanza katika sehemu ndogo? Na jambo gani katika nchi hii hujalijua bado, ambalo wazee wetu waweza kukueleza? Bingwa wa kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Atayafurahia, maana ndiyo maswali ambayo elimu yenyewe hujiuliza. Akikasirika, hasira yake ni jibu.

Tena asiwe mwepesi kutia sahihi au kidole gumba katika karatasi asiyoielewa, hasa karatasi ya ardhi au ya mkopo. Aombe siku kadhaa, aketi na mkewe na wazee, amtafute mtu mwingine mwenye ujuzi asiye na faida katika jambo lile, kisha asali. Shauri jema haliharibiki kwa kungoja Jumapili moja.

Na wakulima wenyewe wasijidharau. Wairaqw wa Kainam na milima ya jirani walijifunza tangu zamani kulima miteremko mikali kwa kutengeneza matuta, kuongoza maji kwa mifereji, na kutia samadi ya mifugo waliyolala nayo nyumbani. Wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kuichunguza elimu hiyo na kuiandikia vitabu. Bila shaka mzee aliyechimba mfereji ule hakupata kuitwa bingwa, lakini alikuwa bingwa. Naye pia aweza kukosea; shauri la wazee lipimwe kama shauri la wageni, maana desturi mbaya haiwi njema kwa kuwa ni ya zamani.

Twataka kusema neno la mwisho kwa vijana wetu wanaosoma vyuoni, ambao kesho wao ndio watakaoitwa mabingwa. Ninyi mtarudi vijijini mkiwa mmevaa silaha za Sauli, nzito na zenye kung'aa. Msimvike mtu silaha hizo kwa nguvu. Mkifika, ulizeni kwanza, nanyi tembeeni na mwenye shamba hadi mpaka wake wa mwisho. Mkiwa hamjui, semeni hamjui. Mkiwa mmekosea, semeni mmekosea, na msiwaache watu peke yao na hasara mliyowaletea. Hiyo ndiyo haki, na ndiyo upendo wa jirani aliotuamuru Bwana wetu Yesu Kristu.

Tumaini lisilo na mpaka ni mali ya Mungu peke yake. Yeremia nabii, katika sura ya 17, amwita heri mtu yule amtumainiye Bwana, naye amfananisha na mti uliopandwa kando ya maji. Wanadamu wote wengine, mfalme kwa mchungaji, daktari kwa mgonjwa, mwandishi wa ukurasa huu kwa msomaji wake, wastahili kusikilizwa na kupimwa. Hata haya tuliyoyaandika leo, msomaji ayapime.