Mbio za Tope Mkuyuni: Maandalizi ya Kabla na Homa ya Siku ya Nane

Kata ya Mkuyuni iko mashariki mwa Milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Bigwa, mjini Morogoro, kuelekea Matombo na Kisaki. Upande huu wa milima hupokea mvua nyingi ziletwazo na pepo za Bahari ya Hindi, na maji yake hushuka kwa vijito hadi Mto Ruvu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia za miguu zinazopanda mashambani huwa utelezi mtupu, magogo hugeuka madaraja, na mabondeni tope hufika magotini. Kijana anayeteremsha mkungu wa ndizi kwa njia hizo hufanya, bila medali wala saa ya kumpima, jambo ambalo katika nchi nyingine watu hulipia fedha ili waruhusiwe kulifanya: mbio za tope na vizuizi.

Mchezo wa namna hii si mgeni kwa Watanzania. Filbert Bayi alitwaa medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mbio hizo nazo zilitokana na mashindano ya zamani ya kukata nyika, ambamo washindani waliruka mitaro na kuta. Tofauti ni kwamba dimbwi la uwanjani hujazwa maji safi, ilhali dimbwi la bondeni limepitiwa na panya, mbwa na mifugo kabla ya mkimbiaji kulifikia.

Somo hili linawahusu marafiki wanaoamua kukimbia pamoja katika njia kama hizo, pamoja na wahudumu wa afya watakaowapokea iwapo wataugua. Maandalizi ya misuli na pumzi yanajulikana na wengi. Yasiyojulikana sana ni yale yanayohusu ngozi, kinywa na, zaidi ya yote, siku thelathini zinazofuata baada ya mbio kwisha.

Miguu na pumzi

Mtu mzima mwenye afya ambaye hajazoea kukimbia ahesabu wiki nane hadi kumi na mbili za mazoezi. Aanze kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana, mara tatu kwa wiki, akiongeza muda kidogo kidogo. Mlima ukiwa jirani, autumie, lakini ajue kwamba kuteremka huumiza misuli kuliko kupanda, kwa sababu misuli ya mapaja hulazimika kujikaza huku ikivutwa. Anayefanya mazoezi ya kupanda peke yake hushangaa siku ya mbio anapoona mapaja yakitetemeka kwenye mteremko wa kwanza.

Majeraha ya kawaida ni kuteguka kifundo cha mguu. Kinga yake ni rahisi na haihitaji kifaa: kusimama kwa mguu mmoja nusu dakika, kisha mwingine, kila siku, baadaye macho yakiwa yamefumbwa. Zoezi hili huufundisha mguu kujirekebisha haraka pale ardhi inapoteleza. Viatu viwe vya kufungwa kwa kamba na vyenye soli ya kung'ata udongo. Kandambili na yeboyebo hubaki topeni, na mwenyewe humaliza njia pekupeku.

Kukimbia na marafiki kuna faida yake. Watu wawili wawili wapangiane, kila mmoja akimjua mwenzake: ana pumu au hana, anatumia dawa gani, ameanza kuyumba au bado yuko sawa. Lakini kundi lina hatari yake pia, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema amechoka. Kasi ya kundi basi iwe kasi ya mwenzao aliye dhaifu kuliko wote.

Kuhusu maji, shauri la kunywa kwa wingi hata bila kiu limepitwa na wakati. Utafiti uliofanywa katika Marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionyesha kwamba takriban asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu katika damu, na waliokunywa hadi wakaongezeka uzito walikuwa katika hatari zaidi. Mtu anywe kadiri ya kiu yake. Katika mbio ndefu za jua kali apate pia kitu chenye chumvi, au mchanganyiko wa ORS.

Wapo wanaopaswa kuonana na mtoa huduma kabla ya kuanza hata mazoezi: mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, mwenye pumu, mjamzito, na mwenye kisukari, hasa ikiwa nyayo zake zimepungukiwa na hisia, kwa kuwa anaweza kukanyaga mwiba na asijue hadi kidonda kioze. Wagonjwa wa siko seli wanastahili kutajwa peke yao. Uchovu mkubwa, upungufu wa maji mwilini na ubaridi wa kijito vyaweza kuamsha maumivu makali. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa mtunza muda au msimamizi wa kituo cha maji, na asionekane mzigo kwa wenzake.

Tope lina nini

Tope la mashambani hubeba vitu vingi, lakini si vyote vya kuogopewa kwa kiwango kimoja. Mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu ulio wazi, na viatu huzuia sehemu kubwa ya hatari hiyo. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na hupenya ngozi ndani ya maji yaliyotuama au yaendayo polepole, hasa saa za jua kali; kwa hiyo njia ichaguliwe ivuke kijito penye mkondo wa kasi ya wastani na kina kidogo, si kwenye kidimbwi chenye majani. Kukausha mwili mara moja husaidia kiasi, lakini si kinga ya kutegemewa.

Pepopunda ni suala jingine. Wanawake wengi hupata chanjo yake kliniki wanapokuwa wajawazito. Mwanamume mtu mzima, ambaye huenda alichanjwa utotoni tu, mara nyingi hakumbuki dozi yake ya mwisho, na ndiye huyo anayechanwa na kisiki topeni. Swali la chanjo lijibiwe wiki kadhaa kabla ya mbio. Jeraha lolote la siku hiyo lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, na likiwa na kina lipelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Kinywa nacho kifungwe. Mwezi Oktoba 2012 katika jimbo la Nevada, Marekani, watu 22 waliugua kuhara baada ya mbio za vizuizi zilizofanyika kwenye ranchi ya ng'ombe. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kilichoelekea zaidi ni kumeza tope lenye kinyesi cha wanyama, bila kukusudia, walipoanguka. Kwa mkimbiaji wa Mkuyuni maana yake ni kutotambaa kifudifudi ndani ya dimbwi, na kutokula chungwa aliloletewa njiani kabla hajanawa mikono.

Ugonjwa unaohitaji maelezo marefu zaidi ni leptospirosisi, ambao Watanzania wengi waliusikia mwezi Julai 2022 kwa jina la Homa ya Mgunda. Katika lugha kadhaa za Kibantu mgunda ni shamba, na jina hilo lafaa. Wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, walitangazwa wagonjwa 20, na 3 kati yao walifariki. Walikuwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, hata watu wakahofia Ebola au Marburg kabla ya vipimo kuonyesha vinginevyo. Bakteria wa ugonjwa huu hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji na udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua na kinywa. Mkoa wa Morogoro hauko mbali na habari hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa miaka mingi wamewapata bakteria hawa katika panya na mifugo ya mkoa huo, na aina mojawapo imepewa jina la Sokoine.

Kwamba ugonjwa huu huwapata wanamichezo, ushahidi upo. Mwaka 2000 wanamichezo 304 walishindana katika mbio za msituni huko Sabah, Malaysia, wakivuka na kuogelea Mto Segama. Baada ya kurudi makwao, katika nchi mbalimbali, zaidi ya wanne katika kila kumi waliohojiwa walikuwa wameugua kwa dalili za leptospirosisi. Hakuna aliyefariki. Waligunduliwa kwa sababu madaktari wa miji iliyo mbalimbali waliuliza swali moja: ulikuwa wapi wiki zilizopita?

Kalenda ya maumivu

Hapa ndipo penye mtego. Dalili inayojulikana sana ya leptospirosisi ni maumivu makali ya misuli, hasa vigimbi vya miguu na kiuno. Mtu aliyekimbia milimani huumwa vigimbi hata kama hana bakteria yeyote. Atasema ni uchovu wa mbio, rafiki zake watacheka na kukubali, na siku zitapita.

Kinachotenganisha mambo haya ni kalenda. Maumivu ya mazoezi huanza ndani ya saa ishirini na nne, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua na kwa kawaida huisha kabla ya wiki kumalizika. Hayaleti homa. Leptospirosisi huanza kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, ingawa yaweza kuwa mapema kama siku ya pili au kuchelewa hadi ya thelathini. Kwa hiyo mtu ambaye vigimbi vyake vilikuwa vimepona, kisha siku ya nane vikaanza kuuma upya pamoja na homa ya ghafla, kichwa kikali na macho mekundu yasiyo na tongotongo, hana uchovu wa mbio. Aende kituo cha afya siku hiyo, na aseme bila kuulizwa kwamba alikimbia topeni.

Rangi ya mkojo nayo isomwe pamoja na kalenda. Mkojo mweusi kama chai ya rangi katika siku tatu za kwanza, pamoja na misuli iliyovimba na kulegea, waweza kuwa dalili ya misuli iliyovunjika na kumwaga sumu kwenye figo. Ni dharura, na si wakati wa kumeza diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo huongeza mzigo kwa figo. Mkojo mweusi unaoanza wiki ya pili, pamoja na macho ya manjano, huelekeza kwenye ini, na leptospirosisi kali ni miongoni mwa sababu zake.

Marafiki waliokimbia pamoja wana kitu ambacho hospitali haina: wanajuana wote na wanajua walipita wapi. Mmoja wao apewe kazi ya kuwauliza wenzake siku ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na moja kama yupo mwenye homa. Ujumbe wa simu unatosha. Akiugua wa pili, yule wa kwanza aliyekwisha kuambiwa ana malaria arudi kupimwa tena.

Kwa mhudumu wa afya

Malaria ipo Morogoro, na homa ya siku ya nane yaweza kabisa kuwa malaria. Kipimo cha haraka kifanywe kwanza. Kosa huanza pale kipimo kinapokuwa hasi na mgonjwa akapewa dawa mseto hata hivyo, au akaandikiwa taifodi kwa mazoea. Katika utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, matabibu waliwahesabu 528 kuwa na malaria. Walioumwa malaria kwa kweli walikuwa 14. Miongoni mwa wengine waliochunguzwa zaidi, maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, leptospirosisi ikiwemo, yalikuwa sababu kubwa, na hayakuwa yamefikiriwa.

Swali kuhusu tope, mpunga, mto na panya liulizwe kwa kila mwenye homa ambaye kipimo chake cha malaria ni hasi, awe mwanamichezo au mkulima; mkulima hupita topeni kila siku, na huenda asione sababu ya kulitaja. Kingamwili mara nyingi hazionekani katika damu kabla ya wiki ya kwanza ya ugonjwa kwisha, hivyo tiba isisubiri jibu la maabara. Mgonjwa asiye na dalili kali hutibiwa kwa doksisaiklini, na mjamzito au mtoto mdogo kwa amoksilini. Mgonjwa anayekojoa kidogo, mwenye macho ya manjano, anayepumua kwa shida, anayekohoa damu au kuchanganyikiwa apewe penisilini au seftriaksoni kwa sindano na kupewa rufaa bila kuchelewa. Doksisaiklini ya kujikinga isigawiwe kwa kundi zima la wakimbiaji kama peremende. Iamuliwe na daktari kwa mtu mwenye hatari ya wazi.

Wakimbiaji wawili wa kundi moja wakifika na homa isiyo ya malaria ndani ya mwezi mmoja, taarifa ifike siku hiyohiyo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ikitaja tarehe ya mbio, njia iliyopitwa na idadi ya waliokimbia, ili wale ambao hawajaugua watafutwe wangali majumbani.