Samatta hakuanzia Ulaya

Kijana wetu akijua chenga mbili tatu, tayari anauliza njia ya Ulaya. Hebu, ndugu msomaji, tumtazame Mbwana Samatta. Alizaliwa mwaka 1992, akapitia African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe, akakaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne. Kwa wengi wetu, huko ni kupotea! Lakini mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika, naye akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akatangazwa bora miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi huo huo Genk ya Ubelgiji ikamsajili. Alikuwa na miaka 23. Je, mzazi unayemkimbizia mwanao wakala, umeuliza huko atapangwa kila wiki?