Sanamu za Kukusanya: Thamani Yake Yatoka Wapi?

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengine wataliona la kitoto, kumbe si la kitoto hata kidogo. Katika miji ya Hong Kong, Tokyo, New York na London wako watu wazima, wenye kazi na jamaa, wanaokusanya sanamu ndogo za vinili na kuzipanga katika makabati ya vioo. Hawazichezei, na wengine hawafungui hata sanduku lake. Mwezi wa Juni 2025 sanamu moja ya namna hii, yenye kimo cha sentimita 131, iliuzwa mnadani katika mji wa Beijing kwa yuan 1,080,000, yaani kama dola 150,000 za Marekani.

Basi mtu akiuliza, “Plastiki ni kitu gani hata ipewe bei kama hiyo?” swali lake ni la haki, nalo ndilo swali letu. Jibu jepesi ni kusema kwamba wanunuzi hawa wamepumbaa, lakini jibu hilo halimfundishi mtu neno lo lote. Na tutazame kwanza jinsi sanamu inavyofanyizwa, maana hapo mwanzo bei ilitoka katika kazi. Kisha tutaona ni wapi bei na kazi zilipoachana.

Vinili ni namna ya plastiki iliyo laini kidogo. Wajapani huitumia tangu zamani kwa sanamu za watoto. Mwaka 1966 kampuni ya Marusan iliuza sanamu za vinili za Godzilla, yule mnyama wa kutisha wa sinema zao. Kazi yake ni hivi. Mchongaji huanza na udongo au nta. Umbo la nta likiwa tayari hutumbukizwa katika maji ya dawa, na umeme ukipitishwa, shaba hushikamana juu ya nta kidogo kidogo hata ikawa ganda gumu. Ndipo nta huyeyushwa ikatoka, na ganda la shaba hubaki kuwa kalibu. Fundi humimina vinili ya majimaji ndani ya kalibu na kuipasha moto. Ile iliyogusa ukuta wa kalibu huganda, na ile ya katikati humwagwa. Ndiyo sababu sanamu hizi ni tupu ndani. Baada ya kuokwa na kupozwa, fundi hushika koleo na kuivuta sanamu nje kupitia tundu dogo, ingali na joto na ulaini. Mtu asiyeizoea kazi hii aonapo mara ya kwanza husema haiwezekani, maana kichwa kipana chapita katika mlango mwembamba. Halafu huja rangi, nayo hupuliziwa au kupakwa kwa mkono, kila rangi kwa zamu yake, huku sehemu nyingine zimefunikwa zisichafuke.

Angalieni sasa neno moja la hesabu. Gharama ya kalibu ni ile ile, ukitoa sanamu 50 au ukitoa 5,000. Kampuni kubwa huigawanya juu ya sanamu nyingi, kila moja ikawa rahisi. Lakini msanii mmoja mwenye fedha kidogo, asiye na duka wala matangazo, hawezi kutoa 5,000, atamwuzia nani? Atatoa 100 au 200, na kila moja itabeba sehemu nzito ya gharama. Basi uchache ulianza kwa uhitaji. Haukuwa hila ya mtu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Hong Kong. Mji ule ulikuwa umefanya vitu vya kuchezea kwa ajili ya dunia nzima miaka mingi, na hata viwanda vilipohamia ng’ambo ya mpaka katika jimbo la Guangdong, ujuzi ulikuwa karibu. Mchoraji mmoja, Michael Lau, alikuwa akichora hadithi ya picha katika gazeti kuhusu vijana wa mjini, wenye mavazi yao na mbao zao za magurudumu. Akatwaa sanamu za askari za inchi 12, zile walizozoea kuchezea watoto wa Marekani, akazibadili vichwa na mavazi kwa mkono wake mwenyewe hata zikawa vijana wale wale wa hadithi. Mwaka 1999 alizionyesha katika Hong Kong Arts Centre, zipatazo mia hivi. Watu walizitazama kama watazamavyo picha za ukutani. Tangu hapo wengi husema kwamba kazi hii ilizaliwa kwa mikono yake.

Mwaka ule ule huko Tokyo duka la Bounty Hunter lilitoa sanamu ya Mmarekani Brian Donnelly, aijulikanaye kwa jina la KAWS. Sanamu ile yaitwa Companion: mwili wake na glavu zake zafanana na za Mickey Mouse, lakini kichwa chake ni fuvu, na macho yake ni alama mbili za X. Zilitolewa 500. Donnelly alikuwa amesomea uchoraji New York, tena alikuwa na desturi ya kuyatoa matangazo katika vituo vya mabasi, kuyachorea sanamu zake, na kuyarudisha mahali pake usiku. Kwa mtu wa namna hiyo sanamu ya vinili ilikuwa njia ya kuiweka kazi yake katika nyumba ya mtu asiye tajiri. Hilo ni jambo jema, nami naliona kuwa ndilo jema kuliko yote katika habari hii: mwenye mshahara wa kawaida aliweza kununua kazi halisi ya msanii aliye hai.

Lakini mambo hayakukaa hivyo. Tarehe 27 Mei 2001 kampuni ya Medicom Toy ya Tokyo iliwagawia wageni wa maonyesho sanamu ndogo ya dubu bila malipo. Jina lake Bearbrick, kimo chake sentimita 7, nayo ina sehemu tisa zinazounganishwa. Dubu huyu ana umbo moja tu. Kinachobadilika ni rangi na michoro. Kalibu moja, mavazi maelfu. Hapo twaona geuko. Msanii hahitaji tena kuchonga umbo, na kampuni haihitaji tena kalibu mpya; inatosha kutoa mchoro mpya na kutangaza ya kwamba dubu wa mchoro huu watakuwa wachache. Uchache sasa si wa uhitaji. Umepangwa mezani kabla mtambo haujawashwa.

Yafaa tuelewe tofauti hii, maana kwa macho haionekani. Sanamu mbili zaweza kusimama katika kabati moja, kila moja ya toleo la 200. Ya kwanza ni 200 kwa sababu mwenyewe hakuweza zaidi. Ya pili ni 200 kwa sababu ya 201 ingeshusha bei. Mnunuzi wa ile ya pili anunua, pamoja na vinili na rangi, ahadi ya kampuni kwamba haitafanya nyingine. Ahadi ina thamani kadiri mtoaji wake anavyoaminika, wala si zaidi. Naye KAWS mwenyewe amewahi kufanya kinyume: mwezi wa Mei 2017 duka la Museum of Modern Art la New York liliuza Companion kwa dola 200 bila kuwekewa idadi maalumu. Wanunuzi walikuwa wengi hata tovuti ya duka ikalemewa, na mara walanguzi wakaziuza tena kwa bei kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye visanduku vya fumbo, ambavyo Waswahili hawana haja ya kufundishwa jina lake, kwa kuwa wao husema siku zote juu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisanduku kimefungwa, nje ina picha za sanamu 12, ndani imo moja, wala hujui ni ipi. Tena mara nyingi iko ya 13, ya siri, ambayo hutiwa katika kisanduku kimoja kati ya 144, au kimoja kati ya 72. Desturi hii yafanana na mashine za Kijapani ambazo tangu miaka ya 1960 mtu hutia sarafu akapata kitu ndani ya kifuko kigumu. Kampuni ya Pop Mart, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010 na Wang Ning, ndiyo iliyoikuza kuliko wote. Hisa zake ziliingia katika soko la Hong Kong mwezi wa Desemba 2020, na mapato yake ya mwaka 2024 yalipita yuan bilioni 13.

Walimu watakaolisoma somo hili pamoja na vijana na wachukue kalamu. Tuseme sanamu ni 12, zote zina nafasi sawa, nawe wanunua kisanduku kimoja kimoja. Je, utanunua vingapi ili uzipate zote? Wengi hujibu 12, na wenye hadhari husema 20. Kwa wastani ni 37. Sababu yake ni hii: kisanduku cha kwanza hakikosi kukupa mpya, lakini kadiri unavyozipata, mpya hupungua na zilizokwisha kupatikana hurudi. Ikisalia moja tu, utangoja kwa wastani visanduku 12 kwa ajili ya hiyo moja. Kuhusu ile ya siri, iliyo moja kati ya 144, mtu akinunua visanduku 144 asidhani kwamba ataipata kwa hakika. Katika watu 100 wafanyao hivyo, kama 37 hawataiona. Ni kweli, mwenye fedha aweza kununua katoni nzima, ambamo kwa kawaida zote 12 zimo bila kurudiwa. Lakini kijana mwenye senti chache hanunui katoni. Anunua kimoja leo na kimoja kesho, naye ndiye alipaye ghali kuliko wote.

Matokeo yake yalionekana wazi nchini China mwezi wa Januari 2022. Maduka ya chakula ya KFC yalitoa sanamu za Pop Mart pamoja na chakula, na ile ya siri ilikuwa moja kati ya 72. Mtu mmoja alitumia yuan 10,494 akanunua vyakula 106 kwa mara moja. Wengine walilipa watu wa kuwalia chakula, ili wao wapate sanamu. Chama cha walaji cha China kilikemea jambo hilo hadharani kwa sababu ya chakula kilichopotea. Mwezi wa Juni 2023 serikali ya nchi ile ikatoa mwongozo: visanduku vya fumbo visiuzwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, na aliye na miaka 8 au zaidi apate kwanza ruhusa ya mlezi. Mimi naona walifanya vema, ingawa walichelewa.

Jina linalosikika zaidi katika miaka hii ni Labubu. Huyu ni kiumbe mwenye masikio ya sungura na meno tisa, aliyebuniwa na Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, katika vitabu vya picha vya mwaka 2015 vyenye kufuata hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini. Pop Mart ilianza kumwuza mwaka 2019. Mwaka 2024 mwimbaji Lisa, wa kundi la Blackpink la Korea, alionekana naye, na madukani watu wakaanza kusukumana. Mwezi wa Mei 2025 kampuni ililazimika kusimamisha uuzaji wake katika maduka ya Uingereza kwa sababu ya ugomvi wa wanunuzi. Kisha kampuni ikaongeza kazi viwandani zaidi ya mara kumi. Mwezi wa Juni mzigo mpya ulipotangazwa, bei za walanguzi zilishuka sana kwa siku chache. Sura ilikuwa ile ile, meno yale yale tisa, wala mshono haukubadilika. Kilichobadilika ni idadi peke yake. Aliyekuwa amelipa kwa kuipenda sura hakupotewa na kitu. Aliyelipa kwa ajili ya uchache alirudi nyumbani na manyoya na vinili.

Tena bei ikipanda, bandia hazikosi. Labubu wa bandia wamepewa hata jina lao, Lafufu. Mwezi wa Agosti 2025 idara ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wazazi ya kwamba bandia hizo huvunjika, na vipande vyake vyaweza kumkaba mtoto koo. Kuhesabu meno husaidia, lakini haitoshi, maana waigaji nao huhesabu.

Wakusanyaji wazoefu, kabla ya kutoa fedha, huuliza ni nani aliyechonga, ni nani aliyepaka, idadi iliyotangazwa ni ngapi, na je, kalibu ile imetumika kwa toleo jingine lenye rangi nyingine. Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja humwacha. Na yule aliyekwisha kununua ana adui wawili nyumbani. Wa kwanza ni jua, maana huifanya rangi ya manjano katika sehemu nyeupe. Wa pili ni dawa ile ile iliyotiwa katika vinili ili iwe laini: baada ya miaka hutoka polepole juu ya ngozi ya sanamu, ikawa inanata, nayo hushika vumbi na kuharibu plastiki nyingine inayoigusa. Kwa hiyo sanamu hazifai kubanana katika kabati lililofungwa penye joto. Wale waliozihifadhi katika masanduku yasiyofunguliwa, wakitazamia kuziuza tena ghali, ndio wasioweza kuona kama zimekwisha kunata na kibao cha plastiki kilichomo ndani.