Umeunganishwa, Lakini Hakuna Intaneti: Tafuta Kiungo Kilichokatika



Ndugu zangu na dada zangu, somo la toleo hili linahusu jambo linalotusumbua wengi hapa Jebel, hasa wiki za kuwasilisha kazi. Laptopu imeshika Wi-Fi, alama inaonyesha nguvu kamili, printa ya chumba cha pili inachapa vizuri, lakini ukifungua tovuti hupati kitu. Kwenye Windows yanatokea maneno No Internet. Hapo kila mtu anaanza na lake: mmoja anazima na kuwasha ruta mara tano, mwingine anakimbilia dukani kununua bando, wa tatu anamkunjia uso jirani yake akidhani amefungiwa.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nasoma masomo ya Kiislamu, na haya nimeyajua kwa kukaa na wenzangu hosteli tukitafuta tatizo pamoja. Lakini nimeona kwamba sisi tunaosoma mustalah al-hadith tunayo tayari njia ya kufanya kazi hii. Mwanazuoni wa hadithi akikuta isnadi ina kasoro haridhiki kusema tu kwamba imekatika. Anauliza: imekatika wapi? Ikikatika upande wa mwandishi wa kitabu, anaiita mu'allaq. Ikikatika katikati, anaiita munqati'. Kila mahali pana jina lake na hukumu yake. Sifananishi hadithi za Mtume (s.a.w.) na mambo ya mitambo, ninachochukua ni adabu ya kukagua kiungo kimoja baada ya kingine kabla ya kutoa hukumu.

Mitandao miwili, si mmoja

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni njia ya kutoka laptopu yako hadi kwenye ruta, yaani mita chache tu. Intaneti inaanzia upande wa pili wa ruta. Soko la Jebel linaweza kuwa wazi, watu wanauziana nyanya na kusalimiana, huku barabara ya Nimule imefungwa na hakuna lori linaloingia. Ndani ya mtaa mambo yanakwenda, lakini cha kutoka nje hakifiki. Ndivyo ilivyo laptopu iliyounganishwa lakini haina intaneti.

Jambo la pili, maneno No Internet si hukumu, ni habari tu. Windows hujaribu kuufikia ukurasa mdogo wa Microsoft, na jibu lisiporudi inaandika maneno hayo. Haijui kama bando limeisha, kama ruta ina hitilafu au kama wewe mwenyewe umeweka mpangilio usiofaa. Na sisi katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuchukua hatua, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Anza na i'tibar

Wanazuoni wakitilia shaka njia moja ya hadithi hutafuta kama kuna njia nyingine inayoiunga mkono. Kazi hiyo wanaiita i'tibar. Nasi tufanye hivyo kwa majaribio mawili yasiyochukua hata dakika tatu.

La kwanza: chukua simu, zima data yake, iunganishe na Wi-Fi ile ile, kisha fungua tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo. Ukirudia ile ya jana, simu inaweza kukuonyesha ukurasa iliouhifadhi. Simu ikishindwa pia, tatizo liko kwenye ruta au mbele yake. Simu ikifaulu, tatizo liko kwenye laptopu yako.

La pili: iunganishe laptopu na hotspoti ya simu yenye data. Ikifanya kazi huko, mashine yenyewe ni nzima, na tatizo ni kati yake na ile ruta. Ikishindwa huko pia, mpangilio wa laptopu una kasoro.

Majaribio haya mawili yanakuepusha na gharama nyingi. Kama simu zote zimekwama, angalia salio la bando la ruta kabla ya kugusa kitu kingine. Bando likiisha, ruta haizimi Wi-Fi; taa zake zinaendelea kuwaka kama kawaida. Sababu hii nimeikuta mara nyingi kuliko nyingine zote.

Maswali matano, kwa mpangilio

Kama kidole kinaelekea kwenye laptopu, fungua dirisha la amri: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kisha fuata maswali haya bila kuruka hata moja.

1. Je, nimepewa anwani? Andika ipconfig. Tazama mstari wa IPv4. Ukiona namba inayoanza na 192.168 au 10, ni anwani ya ndani ya kawaida. Ukiona inayoanza na 169.254, ruta haijakupa anwani, na laptopu imejipa yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikishindikana, isahaulishe laptopu ile Wi-Fi na uingize nywila upya, au zima ruta kwa dakika moja na kuiwasha.

2. Je, lango linajibu? Kwenye majibu yale yale, tazama mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mlango wako wa kutokea nje. Andika ping, acha nafasi, kisha namba hiyo, kwa mfano ping 192.168.1.1. Amri hii hutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu. Jibu likirudi, kiungo cha kwanza ni kizima. Mstari ukiwa mtupu, laptopu haijui mlango uko wapi. Rudi swali la kwanza.

3. Je, nje kunajibu kwa namba? Andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya umma ya Google. Lango likijibu na hii isijibu, tatizo kwa kawaida liko mbele ya ruta: bando, mnara, au kampuni inayotoa huduma. Kabla ya kuhukumu jaribu pia 1.1.1.1 ya Cloudflare, kwa kuwa shahidi mmoja hatoshi.

4. Je, nje kunajibu kwa jina? Andika ping google.com. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Kazi ya kugeuza jina kuwa namba hufanywa na seva za DNS. Kama 8.8.8.8 inajibu lakini jina halijibu, njia iko wazi ila aliyepaswa kukuelekeza hayupo. Andika ipconfig /flushdns ili kufuta majina yaliyohifadhiwa, kisha hakikisha mpangilio wa DNS uko kwenye kupokea wenyewe, au weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

5. Je, jina linajibu lakini kivinjari kinagoma? Hapa angalia vitu vinne. Kwanza, tarehe na saa. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila umeme au jenereta inapozimwa na chaji kwisha. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha, na mashine inayodhani tuko 2012 itavikataa vyote. Pili, proksi iliyobaki kwenye mipangilio. Tatu, programu ya VPN inayojiwasha yenyewe. Nne, kama uko hotelini au ofisini, huenda kuna ukurasa wa kuingiza namba ya ruhusa ambao haujajitokeza. Fungua tovuti yoyote inayoanza na http bila s, na mara nyingi utatokea.

Kisa cha ndugu wawili

Katika hosteli moja hapa Jebel, ndugu wawili walikuwa wakichangia ruta. Mmoja ndiye mwenye ruta, mwingine anatoa nusu ya pesa ya bando. Yule wa pili alipewa laptopu na kaka yake aliyekuwa akiitumia ofisini. Tangu siku hiyo mashine ilishika Wi-Fi lakini haikufungua chochote, na simu ya mwenye ruta ikifanya kazi vizuri. Akaamini amefungiwa kwa makusudi ili mwenzake abaki na bando lote. Alikuwa na fomu ya ufadhili ya kutuma na siku zinahesabika. Ikafika siku ya tatu hawasalimiani.

Tulikaa nao baada ya Isha. Swali la kwanza: anwani ipo. La pili: lango linajibu. La tatu: 8.8.8.8 inajibu. La nne: jina halijibu. Tukaandika ipconfig /all, na kwenye mstari wa DNS tukakuta namba inayoanza na 10.0.0, wakati hosteli nzima inatumia 192.168. Kule ofisini waliiweka kwa mkono, nayo ilibaki ndani ya mashine. Kila akiandika jina la tovuti, laptopu ilikuwa inamuuliza mtu aliyebaki ofisi nyingine. Tukairudisha kwenye kupokea yenyewe, na haikuchukua dakika moja. Fomu ikatumwa usiku ule ule.

Tazameni kilichokuwa hatarini. Fomu ni jambo kubwa, lakini udugu ni mkubwa zaidi. Mtume (s.a.w.) ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inatutahadharisha na dhana. Na kama mwenye ruta angekuwa amemfungia kweli, lango lisingepitisha lile jibu la 8.8.8.8. Ushahidi wa kumtakasa ulikuwa ndani ya laptopu muda wote. Kilichokosekana ni wa kuutafuta.

Kiungo kikikatika mbali na Jebel

Wakati mwingine laptopu ni nzima, ruta ni nzima, bando lipo, na bado hakuna kitu. Nchi yetu haina bahari. Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Liquid Telecom ilifikisha Juba mkongo wa mawasiliano kutoka mpaka wa Uganda. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, na wengine wanaitumia hadi leo. Ukiona ping inachukua zaidi ya milisekunde 500 kila mara, huenda ujumbe wako unapanda setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu na kushuka. Huko ni kuchelewa, si kukatika.

Anayetumia mkongo, ujumbe wake unapita Uganda na Kenya kuelekea Mombasa, zinakotua nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM, zilizoanza kazi 2009, na EASSy ya 2010. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kubadilisha nywila ya ruta hakusaidii chochote. Amri ya tracert 8.8.8.8 itakuonyesha vituo ambavyo ujumbe unapita na pale majibu yanapoishia, ingawa baadhi ya vituo vimepangwa visijibu, kwa hiyo mstari mmoja wenye nyota hautoshi kuwa ushahidi.

Tena, si kila kinachokataa kufunguka kimekatika. Tarehe 22 Januari 2025 Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliagiza makampuni yafunge mitandao ya kijamii, baada ya kuenea video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini katika jimbo la Jazira nchini Sudan na ghasia kuzuka hapa Juba. Agizo liliondolewa kabla ya mwezi kuisha. Siku zile intaneti ilikuwepo. Zilizofungwa ni tovuti fulani. Wengi waliweka VPN za bure wakati ule na wakazisahau ndani ya mashine. Seva ya VPN ikifa, programu hiyo inaweza kuzuia kila kitu kisitoke. Kama una programu ya namna hiyo, izime kabla ya kumtafuta mchawi. Na kila mara jaribu tovuti mbili au tatu zisizohusiana kabla ya kusema hakuna intaneti.

Muhtasari wa kubandika ukutani

- Simu kwenye Wi-Fi ile ile inashindwa: angalia bando, ruta, kampuni.
- Simu inafaulu, laptopu inashindwa: fanya maswali matano.
- Anwani ya 169.254: hujapewa anwani.
- Lango linajibu, 8.8.8.8 haijibu: tatizo liko mbele ya ruta.
- Namba inajibu, jina halijibu: DNS.
- Jina linajibu, kivinjari kinagoma: tarehe, proksi, VPN, ukurasa wa ruhusa.

Andika kila jibu kwenye karatasi unapoendelea. Ukimpigia fundi au kampuni na kumwambia "lango linajibu, 8.8.8.8 haijibu, simu tatu ni hivyo hivyo", atajua pa kuanzia, na ni vigumu kukutoza pesa za kurekebisha laptopu isiyo na ubovu. Usibadilishe vitu vitatu kwa pamoja, kwa sababu tatizo likiisha hutajua dawa ilikuwa ipi. Na usiingie kwenye ruta ya mwenzako bila idhini yake hata kama unaijua nywila. Hiyo ni amana.

Maswali ya halaqa

1. Laptopu ina anwani 192.168.1.14, lango linajibu, 8.8.8.8 na 1.1.1.1 hazijibu, na simu mbili zinashindwa pia. Utaangalia nini kwanza, na kwa nini?
2. Kwa nini kuijaribu tovuti moja tu hakutoshi kuthibitisha kwamba hakuna intaneti?
3. Taja tuhuma moja iliyowahi kuzuka hostelini kwenu kwa sababu ya mtandao. Ni swali lipi kati ya matano lingeizima?

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa watu wa kuhakikisha kabla ya kusema.

Wabillahi tawfiq.