Wolf Hall: "Polepole" Gani Inatuchosha?

Wanachuo wenzangu, kuna neno moja linaloua mjadala wa tamthilia kule hosteli kabla haujaanza: "inaboa." Mmoja akishalitamka, anayeipenda anajibu kwa jeuri, "Wewe huelewi sanaa." Basi, imeisha. Kwa anayesoma fasihi au sanaa za maonyesho hii ni hasara, maana kwenye mtihani wa uhakiki "inaboa" haikupi hata alama moja, na "huelewi" vilevile.

Tuchukue Wolf Hall, tamthilia ya BBC ya mwaka 2015 yenye sehemu 6, iliyotokana na riwaya za Hilary Mantel. Inamfuata Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi aliyepanda hadi kuwa mtu wa karibu wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu karibu milioni 4. Wiki iliyofuata idadi ikashuka kwa karibu milioni 1. Wahakiki wengi, kwa upande wao, waliisifu, na mwaka 2016 ikachukua tuzo ya BAFTA ya tamthilia bora.

Sasa ukiwasikiliza vizuri waliolalamika, wengi hawakuwa wanasema jambo moja. Kuna waliokuwa hawaoni. Mwongozaji, Peter Kosminsky, alipiga picha za usiku kwa mwanga wa mishumaa, kwa sababu ndivyo nyumba za wakati ule zilivyoangazwa. Ni wazo zuri, lakini itazame kwenye simu saa nane mchana uone kama hutajiona sura yako mwenyewe kwenye kioo. Hao walikuwa na haki yao.

Wengine walipotea tu. Hadithi inarukaruka miaka, halafu kila mtu anaitwa Thomas: Thomas Cromwell, Thomas Wolsey, Thomas More, Thomas Cranmer, na bado hujafika kwa Thomas Howard na Thomas Boleyn! Mwingereza aliyefundishwa wake sita wa Henry tangu shule ya msingi ana ramani kichwani. Wewe na mimi hatuna. Kupotea namna hiyo siyo uvivu wa akili, ila pia siyo kosa la mwendo.

Wanabaki wale ambao kweli hawakuupenda mwendo wenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Katika tamthilia hii Cromwell, anayeigizwa na Mark Rylance, muda mwingi ananyamaza. Anasimama pembeni, anasikiliza, kamera inamfuata begani. Kwa nini? Yuko kwenye baraza la kifalme ambalo neno moja linaweza kukuondolea kichwa, na yeye hana ukoo wa kumkinga kama wale makabaila. Mtaji wake ni kujua mambo kabla ya wengine. Mtu wa namna hiyo akiongea haraka haraka kama mawakili wa kwenye filamu za Marekani, atakuwa mhusika mwingine kabisa.

Angalia mwisho wa sehemu ya 6. Ni mwaka 1536, Anne Boleyn amekwisha kukatwa kichwa kwa njama ambayo Cromwell ndiye aliyeisuka. Anarudi kwa mfalme, anatembea taratibu, na mfalme amemfungulia mikono kwa furaha. Wanakumbatiana. Hakuna neno linalosemwa, unabaki na uso wa Rylance. Ikatwe iwe sekunde tatu, utaona marafiki wawili wanapongezana. Kwa urefu ule unapata nafasi ya kuwaza kwamba aliyemfanyia hivi mke wake atamshindwaje mtumishi? Mwaka 1540 na Cromwell naye alikatwa kichwa.

Hata hivyo siyo kila kimya kina mimba. Kuna matembezi ya kwenye korido ambayo mimi ningeyapunguza bila huruma. Kwa hiyo ukiandika uhakiki, chagua onyesho moja, jiulize likipunguzwa nusu kinapotea nini. Kama ni hofu au shaka, itaje na useme iko wapi. Kama hakipotei kitu, andika hivyo hivyo bila kuogopa tuzo.

Unaweza kujaribu na The Mirror and the Light, mwendelezo wa 2024, unaoanzia palepale kwenye kifo cha Anne. Ila zima taa kwanza, na uwaombe ruhusa wenzako wa chumbani.