Mume ameacha vidonge, anategemea juisi na kuchuliwa

"Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni dereva wa lori, ana miaka 51, mwili wake mnene. Aligundulika na kisukari miaka mitatu iliyopita, presha ikafuata, na mgongo unamsumbua tangu zamani. Mwezi uliopita baba yake mdogo alimletea mtaalamu wa tiba asili. Anamchua, anamfanyia hijama, na amemwekea juisi ya matunda asubuhi na jioni badala ya chakula. Sharti lake ni kwamba kwa siku 40 asimeze kidonge cha hospitali. Mgongo kweli umepata nafuu, na sasa haambiwi kitu. Nikimkumbusha dawa, mama mkwe anasema namwombea mwanawe maradhi. Nifanyeje? Mke wa dereva, Tanga."

Marahaba, mwanangu. Kuna jambo moja lisiloweza kungoja. Mwenye kisukari aliyekatiza dawa, tena anakunywa juisi kutwa mara mbili, akianza kuwa na kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kutapika, kuhema au kusinzia ovyo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, awe ameridhia au amenuna. Presha nayo haipigi hodi. Wengi huijua baada ya kiharusi.

Tukishaelewana hapo, Shangazi anaona barua hii imebeba mambo matatu: chakula, mikono ya mchuaji na sharti la kuacha vidonge. Katika nyumba ya dereva huyu yote yamefungwa mzigo mmoja, ndiyo maana mkewe akigusa vidonge anaonekana anapinga kila kitu. Hana haja ya kupinga kila kitu. Mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake, na ukweli huo ni mkubwa kuliko wanavyokubali baadhi ya watu wa hospitali. La tatu ndilo linaloweza kuua.

Mgongo kwanza, maana ndio uliomteka mume. Hakudanganywa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, tatizo lililowasumbua watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Katika mambo yanayopendekezwa humo, pamoja na mazoezi na mgonjwa kuelimishwa juu ya hali yake, kumo kuchuliwa. Mikanda ya kufunga kiunoni, ile inayouzwa kila mahali, mwongozo huo hauipendekezi kwa matumizi ya kawaida. Mtu anayeshinda kwenye usukani misuli yake ya kiuno hukaza. Akilazwa kifudifudi, mafuta ya ufuta yakapashwa kidogo, vidole gumba viwili vikapanda polepole kandokando ya uti wa mgongo, misuli hulegea na usiku anapata usingizi. Hiyo ni tiba halali, na safu hii haimwambii mke wa dereva aikatishe.

Lakini mikono ile haikugusa sukari iliyomo kwenye damu. Kosa limeanzia hapo: nafuu ya mgongo imechukuliwa kuwa ushahidi kwamba kisukari nacho kinaondoka. Sukari haina maumivu ambayo mtu angeyasikiliza yakipungua. Hujulikana kwa kipimo tu, na barua nzima haitaji kipimo hata kimoja tangu mtaalamu huyo aingie nyumbani.

Kuchuliwa kwenyewe kuna mipaka yake kwa mtu kama huyu. Kisukari huua mishipa ya fahamu ya miguuni polepole, hivyo mgonjwa anaweza kukandwa kwa maji ya moto akaungua bila kusikia, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kuishia kwenye msumeno wa daktari. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma usichuliwe kabisa, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani, na ikisukumwa yaweza kwenda hadi kwenye mapafu. Shingo isivunjwe kwa kushtukizwa. Kwenye hijama aulize mapema kama wembe ni mpya, maana homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita kwa damu. Asifiche kwamba ana kisukari, kwa kuwa vidonda vyake huchelewa kupona.

Na kuna mgongo usiotakiwa kuchuliwa kabla haujapimwa. Ukiuma zaidi usiku, ukaja na homa, jasho la usiku na kupungua mwili, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mwenye kisukari yumo kwenye hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya mwingine. Ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku ile ile.

Chakula sasa. Hapa baba mdogo ana hoja nzito kuliko anavyojua mwenyewe. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Uingereza chini ya Mike Lean wa Glasgow na Roy Taylor wa Newcastle. Watu wanene wenye kisukari cha aina ya pili, waliogundulika katika miaka sita iliyotangulia na ambao hawajaanza insulini, waliwekwa kwenye mlo wa kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, waliofanikiwa hivyo walifikia asilimia 86. Mwaka wa pili idadi ilishuka hadi asilimia 36, kwa kuwa uzito ukirudi, kisukari nacho hurudi.

Mume wa miaka 51, mnene, mwenye kisukari cha miaka mitatu, anafanana sana na watu wale, kama naye hajaanza insulini. Tumaini lake si la kijinga hata kidogo. Tena wagonjwa wa DiRECT nao waliacha vidonge vya sukari na vya presha siku ya kwanza! Tofauti ni kwamba waliosimamisha dawa ni wahudumu wa afya, wakawa wanawapima kila mara, na aliyepanda presha alirudishiwa dawa. Kuna vidonge vya kisukari, glibenclamide kwa mfano, ambavyo mtu akivimeza huku amepunguza chakula ghafla sukari hushuka hadi akaanguka. Kwa hiyo kupunguza dawa wakati wa kupunguza mlo ni jambo la kitabibu, lina hesabu yake.

Juisi yenyewe ndiyo mbaya. Embe au nanasi likikamuliwa huacha makapi yake, sukari ikabaki ndani ya glasi, na glasi moja hubeba matunda ambayo mtu asingeyamaliza kwa kutafuna. Tunda lenyewe moja, lililotafunwa, ni afadhali mara nyingi. Soda anayokunywa dereva njiani nayo ina gramu zaidi ya 30 za sukari, vijiko vya chai saba au nane katika chupa moja.

Tanga haikosi chakula cha kumfaa. Jioni mke ampakulie ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi, samaki wa kuchoma au dagaa, na nusu nzima ya sahani iwe mchicha, matembele au bamia. Wali wa nazi usiwe wa kila siku. Safarini abebe hotipoti yenye kunde au choroko, aachane na chipsi mayai za stendi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko cha chai, pamoja na ile iliyofichika kwenye viungo vya mchuzi vya vipande. Utafiti wa Marekani uitwao DASH, wa mwaka 1997, ulionyesha kwamba mboga nyingi, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi viliteremsha presha ya juu kwa pointi 11 hivi kwa wenye shinikizo la damu, bila kubadilisha chumvi. Dawa kadhaa hazifanyi zaidi ya hapo.

Wakwe wakisema vidonge ni sumu ya kizungu, waelezwe kwa upole kwamba metformin, dawa wanayopewa wengi wenye kisukari, ilitokana na uchunguzi wa mmea uitwao Galega officinalis, uliokuwa dawa ya kienyeji Ulaya. Jean Sterne, daktari wa Ufaransa, alichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa mwaka 1957.

Mama mkwe, kwa maoni ya Shangazi, si adui. Amemwona mwanawe akilala usingizi baada ya miaka ya kugumia, na hofu yake ni kwamba mkwewe atamnyang'anya usingizi huo. Akihakikishiwa kwamba kuchuliwa kutaendelea, mengi yatalainika. Anayestahili kukabiliwa ni mwenye sharti la siku 40, na wa kumkabili ni baba mdogo aliyemleta. Mtabibu anayemkataza mgonjwa dawa bila kumpima amejiondolea imani mwenyewe.

Mwanangu, wiki hii keti na mumeo faraghani, usimtajie dawa kwanza. Mwambie nawe unataka aachane na vidonge siku moja, na kwamba njia ipo. Kisha mwende pamoja kliniki ya kisukari, pale hospitali ya Bombo au iliyo karibu nanyi. Apimwe sukari, presha, figo na miguu, na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kiitwacho HbA1c. Amweleze daktari kila kitu, juisi, hijama na vidonge alivyoacha, halafu aulize wazi: nikipungua kilo 15, tutapunguza dawa ipi kwanza? Daktari akikataa kujibu, ombeni kuonana na mwingine. Kipimo hicho cha HbA1c kikiwa chini ya asilimia 6.5 miezi mitatu au zaidi baada ya daktari kusimamisha dawa, hapo ndipo wataalamu huhesabu kuwa kisukari kimetulia, na hata hapo apimwe kila mwaka.